Tumeahidiwa vifaranga laki moja vya sato mtoni. Tukubali?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, katika kijiji kimoja kando ya Mto Kilombero. Perege wetu wamepungua sana. Zamani mtumbwi ulijaa kabla jua halijapanda, siku hizi mtu anakesha mtoni na kurudi na kambale watatu. Mwezi uliopita mdau mmoja alikuja kwenye mkutano wa kijiji akaahidi kutuletea vifaranga laki moja vya sato, dume tupu, kutoka kituo cha kuzalisha vifaranga. Anataka tuwamwage mtoni na kwenye mabwawa yanayobaki baada ya mafuriko, ili samaki warudi. Watu walipiga vigelegele. Mzee mmoja alisimama akasema samaki wa tangi watamaliza samaki wa mto, akazomewa. Vijana wanasema samaki ni samaki, tena hawa ni madume matupu, hawatazaa, kwa hiyo hawana madhara. Wengine wanasema sato wameshaonekana mtoni, hivyo hakuna cha kulinda tena. Nimeagizwa niandike barua ya kukubali. Je, niandike?"

Ndugu katibu, usiandike barua hiyo kwa sasa. Wala usiandike ya kukataa. Mwambie mwenyekiti wako kwamba kuna maswali hayakuulizwa siku ya mkutano, na kwamba unahitaji majibu kabla ya kutia saini jambo ambalo haliwezi kurudishwa nyuma. Samaki akishamwagwa mtoni hakuna anayeweza kumtoa.

Ninavyokuelewa, una mzigo wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kitaalamu: je, vifaranga hao watarudisha samaki? Wa pili ni wa kijamii: utamwambiaje mtu aliyekuja na zawadi, mbele ya kijiji chenye njaa ya samaki, kwamba zawadi yake ina kasoro? Nitakaa zaidi kwenye wa kwanza, maana ukiushika vizuri, wa pili unakuwa mwepesi.

Kwanza niwatendee haki sato wenyewe. Mzee wenu ameona jambo la kweli, lakini kasoro haiko kwenye tangi. Sato wa kituoni si sumu. Wanaoitwa dume tupu hupatikana kwa kuwalisha vifaranga chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume katika wiki tatu hadi nne za mwanzo wa maisha yao, wangali wadogo sana, ili wanapokua wasiwemo majike. Hadi samaki huyo afike mezani miezi kadhaa imepita na homoni ile imeshatoka mwilini. Kwenye bwawa la kuchimbwa ni samaki mzuri mno: anakua haraka, anakula karibu kila kitu, anavumilia maji mazito. Mtu akiniuliza afuge nini nyuma ya nyumba, sato ndiye wa kwanza kumtaja. Tatizo ni pale anapokwenda, na nani anamkuta huko.

Anayemkuta ni perege, ndugu wa sato. Perege wenu, ambaye kitaalamu huitwa Oreochromis urolepis, asili yake ni mito ya mashariki mwa Tanzania: Rufiji pamoja na matawi yake kama Kilombero, na jamaa yake wa karibu katika Mto Wami. Si samaki wa kila mahali. Akipotea huku hakuna ziwa la nchi nyingine la kwenda kumchukua. Na dunia ilishamhitaji zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Mwingereza aitwaye Hickling, akiwa Malacca, katika Malaysia ya leo, aliwapandisha madume waliotoka Zanzibar kwa majike ya perege wa aina nyingine, akapata watoto ambao wote walikuwa madume, bila homoni yoyote. Baadaye ilikuja kueleweka kwamba madume wale wa Zanzibar walikuwa wa ukoo wa Wami, na wafugaji wa nchi nyingi wakawatafuta. Hata sato aliyeboreshwa anayesifiwa leo duniani kote, mradi wake ulipoanza Ufilipino mwaka 1988, walichukuliwa samaki wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Samaki wa mto wa asili ndiye hazina ambayo vituo hurudi kuchota kila vinapokwama. Kwa hiyo vijana wanaosema samaki ni samaki waulizwe kama wangekubali mbegu zote za mpunga wa Kilombero, zile zinazoyajua mafuriko ya huko, zichanganywe ghalani na mbegu moja ya kigeni kwa sababu tu zote ni mpunga. Najua watakachojibu.

Sasa tuingie kwenye hoja ya dume tupu, maana ndiyo iliyowapumbaza wengi mkutanoni, na haikuwapumbaza kwa ubaya. Kwa haraka haraka inaonekana ina mantiki.

Dume wa sato hujenga kiota. Huchagua mahali pa kina kifupi penye mchanga au tope laini, akachimba shimo la duara kwa mdomo, akalilinda na kuita majike. Jike hutaga humo, dume hurutubisha, kisha jike huyachukua mayai yote mdomoni na kwenda kuyaatamia hadi vifaranga watakapoweza kuogelea. Perege anafanya hivyo hivyo, mahali pale pale, msimu ule ule. Sasa weka madume makubwa ya sato kwenye ukingo mmoja na perege. Kwanza watawafukuza madume ya perege kwenye viota, kwa sababu sato ni mkubwa na mgomvi. Pili, wakikosa majike wa kwao, watawaita majike wa perege. Na hawa wawili wakikutana, wanazaa. Watoto wao ni machotara, na machotara hao wanazaa pia, na perege na machotara wenzao, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo kumwaga madume matupu mtoni hakuzuii kuzaliana. Kunahakikisha kwamba dume akitaka kuzaa, mwenzake lazima awe wa mto.

Tena hakuna kituo kinachopata madume kwa asilimia mia kila mara. Tuseme kituo chenu ni kizuri na kinafikia asilimia 97. Katika laki moja, hao ni majike 3,000. Wanatosha kabisa kuanzisha ukoo.

Jambo la tatu ni maisha ya tangini yenyewe, na hapa ndipo mjadala mkubwa wa dunia ulipo. Ukitembelea kituo cha vifaranga, simama kando ya tangi saa ya chakula na unyooshe mkono tu, bila kitu. Vifaranga wote watakukimbilia, watapanda juu mpaka maji yachemke. Kivuli kwao maana yake ni chakula. Mtoni kivuli ni mdiria, au korongo, au kambale anayekuja kutoka chini. Wengi wa waliomwagwa hufa katika siku za mwanzo kwa sababu hiyo hiyo. Lakini la kina zaidi ni kwamba tangi huchagua. Samaki mwoga, mpole, anayejificha, tangini hudumaa au hufa. Samaki mlafi na mkorofi hushinda. Baada ya kizazi kimoja au viwili umebaki na ukoo unaoijua pumba na kuusahau mto, na tabia hizo zimo kwenye vinasaba, si mazoea tu.

Waliopima jambo hili kwa muda mrefu zaidi ni watu wa magharibi mwa Marekani, kwa sababu wao wamemwaga samaki wa kituoni kwenye mito kwa zaidi ya miaka mia. Katika Mto Hood, jimbo la Oregon, watafiti waliwafuatilia kwa vinasaba trauti, samaki wa maji baridi, wa aina inayokwenda baharini na kurudi mtoni kuzaa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2007 yalionyesha kwamba uwezo wa samaki kuacha watoto mtoni ulishuka kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilichopitia kituoni. Mwaka 2016 wakaonyesha kwamba baada ya kizazi kimoja tu, zaidi ya vinasaba 700 vilikuwa vinafanya kazi tofauti na vya samaki wa mto. Kizazi kimoja. Trauti si perege, na mito ya baridi si Kilombero, kwa hiyo usiibebe namba hiyo ya 40 kama ilivyo ukaipeleka kijijini. Kanuni inayofanya kazi chini yake ndiyo ile ile.

Mfano mwingine wa huko huko naupenda zaidi kwa sababu unahusu wavuvi wenye hasira. Katika jimbo la Montana, mtafiti wa samaki Dick Vincent aligundua kwenye Mto Madison kwamba mahali ambapo trauti wa kituoni waliacha kumwagwa, trauti waliozaliwa mtoni waliongezeka. Waliokuwa wakiletwa kwa lori walikuwa wanawasukuma wale wa mtoni kutoka kwenye maficho na malisho yao, kisha wenyewe wanakufa. Mwaka 1974 Montana ikaacha kumwaga trauti kwenye mito yenye trauti wanaojizalia wenyewe. Wavuvi wa mshipi walilalamika sana wakati huo. Leo mito hiyo inajulikana kwa wingi wa trauti wake wanaojizalia wenyewe.

Nisikudanganye kwamba upande mwingine hauna hoja. Upo, na unasemwa na watu ninaowaheshimu. Katika bonde la Mto Columbia, mabwawa makubwa ya umeme yalifunga njia za samoni, samaki wanaokulia baharini na kurudi mtoni kuzaa. Bwawa la Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942, halina njia ya samaki hata moja. Wenyeji asilia ambao maisha yao yalikuwa samoni walinyang'anywa mto, wakapewa vituo vya vifaranga kama fidia. Ukiwaambia leo wafunge vituo kwa ajili ya samaki wa asili, watakuuliza kwanza nani atafungua mabwawa, na wana haki ya kuuliza. Watu wa Nez Perce katika jimbo la Idaho walifanya jambo la busara zaidi. Kwenye kijito cha Johnson Creek walitumia wazazi wa asili wa kijito kile kile pekee, wakalea watoto wao kituoni, wakawarudisha kwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha idadi iliongezeka, na samaki wa kituoni waliozaana na wa mtoni waliacha watoto kwa kiwango kinachokaribiana na cha wenyeji. Kwa hiyo kituo kinaweza kusaidia mto. Lakini masharti yake ni magumu: wazazi watoke mto ule ule, wabadilishwe mara kwa mara, na samaki wafuatiliwe kwa miaka. Mpango mlioletewa hauna hata sharti moja kati ya hayo.

Kuhusu wazazi, kuna swali moja nakuomba uliulize kituo: vifaranga hawa laki moja wametoka kwa wazazi wangapi? Vituo vingi huweka majike watatu kwa dume mmoja. Tuseme ni majike 30 na madume 10. Kwa hesabu ya vinasaba, samaki hao 40 wana thamani ya wazazi 30 tu, kwa sababu nusu ya kila mtoto lazima itoke kwa madume wale wachache. Na madume hawagawani sawa; wawili watatu wakubwa huwa baba wa wengi. Ukimwaga laki moja waliotoka kwa kikundi hicho kwenye bwawa lenye samaki wachache wa asili, umefurika mahali hapo ndugu wa familia chache. Hili lina madhara hata kama vifaranga wangekuwa perege.

Magonjwa nitayapitia kwa ufupi. Kuna kirusi cha sato kilichoelezwa kwa mara ya kwanza Israeli mwaka 2014. Mwaka 2018 ikachapishwa taarifa kwamba dalili za kirusi hicho zimepatikana kwa kipimo cha maabara katika sato wa kufugwa na wa ziwani, Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda, samaki ambao kwa macho walikuwa wazima. Ndiyo maana kusema vifaranga wanaonekana na afya hakutoshi. Kituo kiwe na cheti cha uchunguzi, na kikuonyeshe.

Haya yote yalishatokea nyumbani kwetu, na natamani kila mkutano wa BMU uanze kwa kuyakumbuka. Samaki mkuu wa Ziwa Victoria hakuwa sato wala sangara. Alikuwa ngege, akifuatiwa na mbiru, perege wawili wa asili wa ziwa. Nyavu za kisasa za makila ziliingia mwaka 1905. Kufikia mwaka 1927 na 1928, utafiti ulioongozwa na Michael Graham ulikuta ngege wanapungua, akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Sheria ikawekwa, ikasimamiwa kwa kulegalega, na katika miaka ya 1950 ikaachwa upande wa Tanganyika na Uganda. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 wakaletwa sato na perege wengine wa kigeni kuziba pengo. Tazama mtiririko huo, ndugu katibu: nyavu zinamaliza samaki, kanuni ya nyavu inaachwa, kisha wanaletwa samaki wengine. Sato wakamsukuma ngege kwenye mazalia na wakazaana naye. Sangara alipokuja kutawala ziwa miaka ya 1980, ngege alikuwa tayari ameshaanguka. Leo ngege na mbiru mnawapata zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni, na hata humo sato anawafuata.

La kusikitisha zaidi ni kwamba ngege huyo huyo, aliyetoweka kwao, alipelekwa bonde la Pangani akawa mgeni kwa perege wa huko. Pangani ina perege wake, Oreochromis jipe, ambaye sasa yumo katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kila mara nia ilikuwa njema.

Je, mmechelewa? Wanaosema sato wameshaonekana huenda wanasema kweli. Sato na perege wengine wageni wameshaingia kwenye mabonde mengi ya Tanzania, kwa kupandikizwa na kwa mabwawa ya kufugia yanayobomoka masika. Lakini sato mia waliotoroka na sato laki moja waliomwagwa kwa makusudi si jambo moja. Mahali ambapo wageni ni wachache, perege wengi bado wanapandana wao kwa wao na ukoo unabaki safi. Pakijaa wageni, hesabu inageuka. Tena bonde lenu ni kubwa na si kila bwawa la mafuriko lina sato. Na kumbuka maji yanakokwenda: zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Mkimwaga leo, masika moja au mbili mtakuwa mmewaamulia watu wa hadi Utete na delta, ambao hawakuitwa kwenye mkutano wenu.

Sasa hesabu ambayo ningependa uisome mbele ya kijiji, polepole. Jike mmoja wa perege aliyekomaa hubeba mayai mia kadhaa mdomoni. Tuseme kwa uangalifu kwamba analea vifaranga 200 kwa mara moja. Basi vifaranga laki moja ni kazi ya majike 500, wakilea mara moja tu, na kwa mwaka hulea zaidi ya mara moja. Kama jike mmoja ana gramu 200, hao 500 ni kilo 100. Kilo mia moja za perege mnazijua: ni shehena ya mitumbwi michache tu, usiku mmoja wa kokoro kwenye mazalia. Ni kweli vifaranga wa lori huwa wakubwa kidogo kuliko wanaotoka mdomoni mwa mama, kwa hiyo hesabu hailingani sawasawa. Hata ukiongeza majike mara tatu, bado mnazungumzia kilo 300 za samaki ambao mngewaacha wapite, bila lori, bila wazazi wa kuhesabu, bila kirusi, na wenye vinasaba vya mto wenu.

Ndiyo maana swali la kwanza si wapi tutapata vifaranga, ni nini kinawaua mama zao. Wewe unakijua kuliko mimi. Katika mito ya aina ya Kilombero majibu huwa yale yale: nyavu za macho madogo na timba (nyavu haramu za uzi wa plastiki), makokoro kwenye maji ya kina kifupi, sumu kwenye mabwawa yanayokauka, mashamba na mifugo hadi ukingoni mwa maji, na maji kupungua kiangazi. Perege huzaa maji yanapotandaa kwenye nyanda za mafuriko. Njia ya kuingia na kutoka huko ikizibwa kwa nyavu, au nyanda zikageuzwa mashamba hadi mwisho, mnaweza kuleta laki kumi na bado mtumbwi ukarudi mtupu. Ardhioevu ya Kilombero imo tangu mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Hiyo inawapa sauti mkienda halmashauri kudai maeneo ya mazalia yalindwe.

Kwa hiyo chaguo zipo, na kukataa moja kwa moja si mojawapo ninayoipendekeza. Ninayoipa uzito ni kumwomba mdau aielekeze fedha yake kwingine: mabwawa ya kuchimbwa juu, mbali na mahali maji ya mafuriko yanafika, yenye kingo imara na wavu kwenye bomba la kutolea maji, sato wakafugwe humo na wasichana na vijana wa kijiji. Mdau atapata picha zake, kijiji kitapata kitoweo ndani ya miezi sita hivi, na shinikizo la mtoni litapungua kidogo. Kama bonde la kijiji chenu lote linafurika, mabwawa ya sato hayafai, na mtafute namna ya kufuga perege wenyewe.

Pamoja na hilo, BMU itenge mazalia mawili au matatu yasiguswe wakati wa mafuriko na yanapoanza kushuka, na mdau agharimie doria na kubadilisha nyavu haramu. Hili linauma. Mvuvi asiyeweza kutega wiki kadhaa ana watoto nyumbani, na mpango usiosema watakula nini utavunjwa usiku wa kwanza. Lizungumzeni waziwazi, pamoja na wale mnaojua wana makokoro.

Kuzalisha perege wa Kilombero kituoni na kuwarudisha ni njia inayowezekana pia. Kenya na Uganda wameshafaulu kuzalisha ningu, samaki wa asili wa Ziwa Victoria aliyeporomoka kwa kunaswa akipanda mito kuzaa. Lakini ifanyike baada ya kulinda mazalia, kwa wazazi wengi wa bonde lenu waliothibitishwa maabara kuwa si machotara. Ni kazi ya miaka na wataalamu.

Hapo ndipo barua yangu inapofikia mwisho wa uwezo wake, kwa sababu mimi sijaona mto wenu. Mtafute afisa uvuvi wa wilaya sasa, kabla ya mkutano unaofuata. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake haziwaruhusu watu kupandikiza samaki kwenye maji ya asili kwa makubaliano ya kijiji na mfadhili tu. Kibali kinahitajika, na kijiji ndicho kitakachoulizwa kama hakipo. Mwambie afisa awaunganishe na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, au na idara ya ufugaji samaki ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, ambako si mbali na ninyi. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji nayo ijulishwe. Lori likija kabla ya kibali, lizuieni kwa heshima, na kama vifaranga wako hatarini kufa, waingizwe kwenye bwawa lililozungukwa na wavu, wasimwagwe mtoni. Mkiona samaki wengi wanaelea wamekufa, hasa wenye vidonda au macho yaliyovimba, msiwale wala kuwauza. Mpigieni simu afisa uvuvi siku hiyo hiyo.

Kuna kazi moja mnaweza kuianza wiki hii bila kumsubiri mtu. Kila mvuvi anayepata perege au sato ampige picha ubavu mzima, mkia ukiwa umetandazwa. Sato ana mistari myembamba ya wima mkiani, iliyopangika vizuri. Dume wa perege wakati wa kuzaa huwa mweusi na ukingo wa mapezi yake ni mwekundu, na mkia wake hauna mistari hiyo. Mwenye mistari hafifu iliyokatikakatika mtilie shaka kuwa chotara, ingawa macho peke yake hayathibitishi. Kateni kipande cha pezi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, mkiweke kwenye kichupa chenye etanoli; mwalimu wa maabara wa sekondari au afisa uvuvi anaweza kuwapatia. Andikeni kwa penseli, si kalamu ya wino, tarehe na jina la mahali, na mtumbukize karatasi hiyo ndani ya kichupa. Vichupa 40 au 50 kutoka sehemu mbalimbali za eneo lenu vitawawezesha wataalamu kusema perege wenu wako safi wapi na wapi wameshachanganyika. Kisha andika barua yako ukiwa na jibu hilo mkononi, na umwalike mdau aje alisikie pamoja nanyi.